Kumpima Mwanangu kwa Picha ya Bondia

Jumatatu, 3 Machi
Mjukuu wangu anayesomea saikolojia, yeye aliyenifundisha herufi, kaniletea mapya. Eti wasomi waliwachukua wanaume wanaowachukia wanaume wanaopendana, wakawaonyesha picha za wapendanao hao, wakawapima mwili kwa mashine. Wakaona wenye chuki ndio wanaotamani kwa siri. Makubwa! Nikamfikiria baba yake, mwanangu. Nani anamshinda kelele za kuwatukana watu hao? Kamfukuza kijana wake, mume wangu wa utani, kwa kumpenda mwanamume mwenzake. Sasa mtoto analala nyuma ya saluni anakosuka nywele. Mimi namtaka nyumbani. Kama wasomi wamesema kweli, nimepata fimbo ya kumchapia baba mtu. Ila akili ya kuambiwa, changanya na yako. Nitapima mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Mashine sina. Nimetundika picha ya bondia, kifua wazi, mbele ya kiti cha mwanangu. Nikamshika mkono, nikadai namtazama homa. Akaikodolea macho ile picha. Nikasema moyoni, huyu hapa! Kumbe mwanangu ni seremala, kaona fremu imekaa upande. Akainuka, akainyoosha. Mapigo yaliyokimbia ni yangu.

Jumatano, 5 Machi
Nimembana mjukuu. Shule sikuiona hata dirisha lake, ila moyo ninao: si hukimbia hata kwa hasira? Kwa aibu? Mashine inatofautishaje? Akakiri kuna waliorudia kipimo wasione kitu, na wasomi bado wanabishana. Nikauliza tena: yaani watu watukanwe, halafu na mtukanaji mseme ni mwenzao? Lawama zote ziende nyumba moja, ya waliotukanwa? Akasema Bibi, swali zuri. Zuri gani, sijajibiwa!

Alhamisi, 6 Machi
Kweli au uongo, fimbo ni fimbo. Mezani nimemwambia mwanangu wasomi wanasemaje juu ya wenye kelele. Loo! Kaacha sahani, kaingia karakanani, kagongelea misumari mpaka jirani akauliza tunajenga nini. Mjukuu kanijia juu: nimeharibu, kaka yake sasa hatarudi kamwe.

Jumamosi, 8 Machi
Mwanangu kaja chumbani, kakaa kitandani kwangu kama alipokuwa mdogo. Kasema hana siri. Ana hofu tu: watu watamdhuru kijana, na yeye watamcheka. Nikamwambia kwa mwoga ana sauti kubwa mno, na aliyemdhuru wa kwanza ni nani? Kauliza kama mtoto anakula. Nikamwambia kaulize mwenyewe, huna miguu?

Jumapili, 9 Machi
Kaenda! Wamerudi pamoja, baba mtu kabeba godoro. Kijana kanikumbatia, kaniita mke wangu. Nimelia, kisha nimemtukana kwa kukonda. Hawajapatana, lakini mezani wameombana chumvi.

Basi nimegundua kanuni: kila mwenye chuki ana hofu, ukimtikisa inadondoka. Kesho naanza na jirani muuza mkaa, naye ana kelele hizohizo. Mjukuu kauliza nimeshapima watu wangapi. Mmoja. Lakini huyo nimemzaa mwenyewe, anatosha.