Vita vya Shangazi na Ngurumbi Aliyelalia Gauni

Sogeeni, enyi wenye masikio; nawe uliyeshika kikombe, kiweke chini, maana habari hii haitaki mikono yenye shughuli. Nasimulia vita vya Shangazi, Malkia wa Cherehani, Mshinda Pindo, aliyechomwa na sindano mara elfu asilie ila mara mbili.

Katika mji ule walikuwako ngurumbi, wadudu wakubwa kama ndama, wenye miguu sita na mabawa ya kufunika dirisha zima. Ni wapole, lakini akishtuka, ngurumbi hutema wino mweusi usiosikia sabuni. Tena huupenda mno mlio wa cherehani, akidhani ni mwenzake anaimba. Ndiyo maana mafundi wote wa mji ule hushona madirisha yamefungwa, hata joto likizidi.

Asubuhi ya harusi ya binti wa kaka yake, Shangazi alifungua dirisha. "Kidogo tu," alisema. Maneno hayo mawili yameangusha falme! Alikwenda kuchukua vifungo, na aliporudi akamkuta ngurumbi amelala juu ya gauni jeupe, anakoroma.

"Shangazi, saa sita naolewa!" Bibi harusi akaangua kilio. "Niende na shuka?"

Ndipo mumewe Shangazi, Bwana wa Pasi, akasimama na fagio, kifua mbele, akahutubia: "Ewe jitu la vipapasio! Babu yangu hakukimbia, baba yangu hakukimbia, nami leo utanitambua!"

Ngurumbi akafumbua jicho moja. Bwana wa Pasi akakumbuka kwamba makaa yake nje yanazimika, akaenda kuyatazama.

Shangazi hakuhutubia. Aliketi kwenye cherehani pembeni, akachomoa uzi, akaanza kukanyaga polepole. Ngurumbi akainua kichwa. Mguu wa kwanza ukashuka, wa pili, wa tatu, bibi harusi akihesabu bila kupumua. Wa sita ukanasa kwenye lesi!

"Mnasue taratibu, mwanangu," Shangazi alisema, akizidi kukanyaga. Binti akaunasua kwa ncha za vidole. Mdudu akavuka chumba na kulaza kichwa magotini pa Shangazi.

"Vaa, uende."

"Na wewe?"

"Nikiacha atashtuka, atatupaka sote. Nenda, usinililie hapa."

Alikuwa ameisubiri harusi hiyo tangu binti akiwa wa kubebwa, na ilimuuma, nisiwafiche.

Lakini saa sita ilipogonga, wageni wote walikuja mtaani pake wakinyata, viatu mkononi. Ndoa ikafungwa pale mlangoni kwa sauti za chini, vigelegele vikapigwa kwa kunong'ona, na Bwana wa Pasi akashuhudia kwa mbali.

Basi na iandikwe katika vitabu vya mji: siku hiyo Shangazi alikanyaga cherehani tangu asubuhi hadi jua kuzama, hakushona hata pindo moja, na gauni halikupata doa.