Vinundu Virefu Sitini

Jumatano, 10 Januari
Mashindano ya kuvua kwenye barafu ni Jumamosi. Kibanda cha Babu Arvid cha kuvulia juu ya barafu kinatosha watu wawili: yeye na mjukuu mmoja. Ametangaza kwamba kiti ni cha atakayeleta chambo bora. Wajukuu tuko wawili. Binamu yangu Garrett ni mvuvi. Mimi ni msomaji. Nikikaa na Babu siku nzima, labda nitaweza kuzungumza naye. Nyumbani kila mtu ana sauti kubwa kuliko yangu.

Alhamisi, 11 Januari
Maktaba imeniokoa! Yale magugu ya maua ya njano nyuma ya shule huota vinundu kwenye mashina, na ndani hukaa wadudu. Kinundu cha mviringo ni cha buu wa nzi. Kinundu kirefu ni cha kiwavi wa nondo mdogo wa kijivu. Kirefu ni kikubwa zaidi. Nyumba kubwa, kiwavi mkubwa! Kengele ililia kabla sijafungua ukurasa wa pili.

Ijumaa, 12 Januari
Virefu sitini! Theluji magotini, vidole vimekufa ganzi. Garrett alikuwa hukohuko, akikata vya mviringo. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba nimesoma. Nilimwonea huruma.

Jumamosi, 13 Januari
Babu alipasua cha kwanza. Kitupu. Cha pili, kitupu. Cha tisa, akaniuliza kwa upole kama nimemletea chambo au kuni. Garrett akapiga kelele: “Profesa, wapangaji wako wamehama!” Kweli, kila kinundu kina kitundu kidogo, nadhifu. Sikuviona. Vya Garrett vilikuwa na mabuu wanono. Nilisimama nje na ndoo hadi jioni. Babu na Garrett walicheka mle kibandani mchana kutwa.

Jumapili, 14 Januari
Nimesoma ukurasa wa pili. Kiwavi hutoboa mlango, huuziba, kisha hugeuka bundo, akalala humo ndani hadi awe nondo. Mwisho wa kiangazi nondo huusukuma na kutoka, hutaga mayai kwenye magugu, hufa. Mayai huvumilia baridi. Majani yakichipua, viwavi wapya huingia kwenye mashina machanga. Kumbe nilichelewa miezi minne tu!

Wakati wa chakula Mama alisema Babu ameuza kibanda. Miguu yake haiwezi tena barafu; mwezi Machi anahamia Arizona kwa shangazi. Babu alikuwa sebuleni kwetu peke yake muda wote, Garrett ameshaondoka. Sikwenda. Nilikuwa na kazi chumbani.

Mpango: Agosti, kuziba kila mlango kwa gundi. Hatoki nondo hata mmoja. Januari ijayo kiti ni changu!