Marque ya Carte Mère ya Kasungami

Muheshimiwa Shefu wa Quartier, Muheshimiwa Makamu wake mwenye kulinda kiti yake, Bapasta ba makanisa yote yenye paa na yenye ingali inangojea paa, Bamama ba soko, Batata ba kampani, bakwe zangu benye balifika bila kuitwa, na bwana wangu Papa Ngosa mwenye kunishikia micro: mimi Maman Mapalo, mama ya Gracia, na kisha Présidente wa Comité ya Ordinateur ya Kasungami, ninawasalimia mu ngazi zote. (Makofi.)

Munajua, lakini protocole inaomba niseme, mutoto wangu Gracia iko mwaka ya mwisho ya architecture, première ya promotion yake, na ile akili haikutoka ku upande ya batata. (Bamama banacheka. Papa Ngosa anaangalia micro.) Institut yake inapokea tu mipango ya nyumba yenye kuchorwa mu ordinateur, ile kompyuta ya nguvu, na siku ya kuileta ni Lundi hii, akikosa Lundi, anarudilia mwaka. Quartier nzima ilichanga, na badala ya kununua mashini tayari, yenye kila muntu anaweza kuwa nayo, tuliamua kumujengea yake, kipande kwa kipande.

Mu cadre ya approche participative na intégrée, tulianza ku carte mère, ile kibao ya ndani yenye bipande byote bya ordinateur binashikwa juu yake. Gracia alituambia na adabu: «Mama, muchagule kwanza processeur, ile ubongo ya mashini, kisha mutafute carte yenye kuipokea. Marque, jina ya kampani, itafuata.» Comité ilimusikiliza, ilimushukuru, ikamukatalia kwa sauti moya. Kwetu, mbele ya ndoa, jamaa njo inaangaliwa kwanza: beko bantu ba wapi, banaheshimu bakwe, beko na magonjwa gani. Basi tulifanya vile vile na Asus, Gigabyte na MSI, tukatuma délégation mupaka Kasumbalesa kuuliza bachauffeur ba malori, pale mu foleni ya kuvuka mupaka, ni jamaa gani ya carte mère inapitaka na heshima. Asilimia makumi nane na moya walijibu kama hawajue hata moya. Comité ilihesabu majibu yao kama uungaji mukono. (Makofi marefu.)

Papa Kakule, wa duka ya jumla, alisema jamaa yote iko sawa kwake, kama inakuya mu carton. Tata Anaclet, shemeji yangu, alisimamia Gigabyte, juu jina ndefu ni ya ukoo mukubwa. Maman Brigitte, wa soko, alipenda MSI, lakini pasta wake aliona ku carton yake kuko joka, akasema joka haingie mu nyumba ya mukristo bila maombi, na tukaunda sous-commission ya maombi, yenye ingali inafunga. Asus ilibakia bila muntu wa kuisemea, na jamaa yenye haina musemaji hatuipatie mutoto wetu.

Gracia alirudi tena kutukumbusha Lundi. Nilimujibu mbele ya bantu: «Mwanangu, mahari haikimbizwake.» (Sauti ya mwanaume, nyuma: Maman Présidente, leo si Samedi, na Lundi ni kesho kutwa?) Ile swali iko muzuri, tata, itapitia ku secrétariat.

Ninaahidi hivi: mu miaka yenye inakuya, kila nyumba ya Kasungami, hata ile yenye haina courant, itakuwa na carte mère yake, ya jamaa yenye kujulikana. Mujibu pamoja na mimi. Kasungami! (Mbele!) Carte mère! (Ukoo muzuri!) Marque gani? (Tutaona!)

Kwa kumaliza, ninamushukuru Maman Émerance, mushonaji, juu muchango yote ya carte mère iliingia mu pagne yenye tunavaa leo, Gigabyte kifuani, MSI mugongoni, Asus ku mikono, jamaa hata moya isikasirike. Mwenye kuuliza carte mère iko wapi, ajiangalie ku mwili. Ingine haikuwa mu budget, wala processeur, wala ordinateur yenyewe. (Makofi. Bamama banageuka, banaonyeshana migongo.)

Na sasa Gracia, simama, bantu bakuone. (Bantu banamutafuta na macho.) Gracia. (Sauti ya mwanamke: Haiko, Maman. Toka asubui iko kwa Doudou, mwenye cyber, anachora mipango yake mu ordinateur ya kule. Anasema anabakisha paa tu.)

Muzuri sana. Secrétaire aandike: mufaidika wa projet iko ku kazi, mbele ya Lundi, na ile ni tunda ya kwanza ya comité yenye ninaongoza. (Makofi, bantu banasimama.) Ninawashukuru. Papa Ngosa, weka micro chini, umupelekee sahani ya bukari na samaki ingali moto. Akichoraka, anasahau kula.