Ngano Niliyoinyoa

Jumamosi, 2 Agosti
Nusu ya bonde langu ilipotea Jumapili ya tarehe 18 Mei, baada ya misa ya kwanza, mbele ya kikundi kizima cha wakulima. Bonde nililoling'oa matete kwa mikono yangu. Jirani yangu Nestory alisimama akasema si haki mtu mmoja kulima penye maji peke yake. Wakapiga makofi. Ushirombo hii wanapenda makofi.

Uamuzi: kila mmoja apande ngano upande wake, mbegu moja, siku moja. Mwenye debe zito wakati wa mavuno anachukua bonde lote. Nikishindwa, kitalu changu cha tumbaku hakina maji, na vitunguu vya mke wangu vinahama.

Leo masuke yote yametoka. Yake sawa na yangu. Sawa hainisaidii.

Jumatatu, 4 Agosti
Nimepata. Nilikuwa naziba ufa kwenye bani la kukaushia tumbaku, ikanijia. Miaka ishirini na miwili nalima tumbaku. Ua likitoka unalivunja, nguvu inarudi kwenye majani, majani yananenepa. Sasa, ngano ni tumbaku iliyogeuzwa. Hapa nataka punje, sitaki majani. Kwa hiyo unavunja majani. Ajabu hakuna aliyewahi kulifikiria hilo.

Kila bua lina majani manne mabichi. La juu kabisa, chini ya suke, ni pana kuliko yote. Huyo ndiye mwizi mkuu. Kakaa mlangoni, kila kinachopanda anakila yeye kwanza.

Nimemweleza mke wangu, Mama Generosa. Akauliza bonde limenikosea nini. Nikamwambia alete kikapu.

Alhamisi, 7 Agosti
Tumemaliza. Shamba limekaa kama kuku aliyenyonyolewa. Safi. Majani amekula ng'ombe, nyuma ya nyumba, ili Nestory asiige.

Nestory kapita. Kanisalimia mwangaluka, kisha kasimama akitazama. Akauliza: Baba Generosa, hawa nzige walikuwa na ugomvi na wewe tu? Nikamjibu huo ni utaalamu. Akasema basi yeye acha abaki na ujinga wake.

Hata kuiga hataki. Imeniuma kidogo.

Jumanne, 26 Agosti
Amekuja Hosiana, afisa kilimo wa kata, na pikipiki yake. Ameniamkia shikamoo vizuri kabisa, halafu akaanza kunihukumu. Anasema jani ndilo jiko. Linapokea jua, linapika chakula, chakula kinapelekwa kwenye punje. Na lile la juu, mwizi wangu, ndilo lililokuwa linapikia punje kuliko majani mengine.

Nikamwuliza amelima tumbaku miaka mingapi. Akasema hajawahi. Nikaona hoja imekwisha.

Yeye akaendelea. Eti bua bado ni kijani, maganda ya suke ni kijani, ndevu zake ni kijani, navyo vinapika kidogo kidogo. Nimwagilie maji na nisiguse kitu. Akasisitiza: Mzee Alois, nakuomba, ndevu uziache.

Alipoondoka nikawaza. Mbona anazitetea hivyo? Kama ni kijani, nazo zinakula. Nikachukua mkasi wa kushonea wa mwanangu Generosa, nikanyoa mistari sita. Mkono ukachoka, nikaacha.

Jioni nimehesabu. Suke langu: punje thelathini na nane. La Nestory, lililokuwa limeinama kuvuka mpaka, likanipa ruhusa: thelathini na nane. Haijapungua hata moja. Hosiana na jiko lake.

Jumamosi, 20 Septemba
Mzani. Debe la Nestory: kilo kumi na sita. Langu: kumi na mbili.

Punje zangu zipo zote, nilihesabu tena hapo hapo. Ila zimesinyaa, nyembamba kama mbegu za nyasi. Za mistari sita ni nyepesi zaidi. Upepo uliondoka nazo wakati wa kupepeta. Nimeomba tushindane kwa idadi ya punje. Mwenyekiti wa kikundi akaniambia mkate hauokwi kwa idadi.

Makofi.

Mama Generosa alichukua jembe akaenda kung'oa vitunguu vyake, bado vidogo. Nestory akamfuata akamwambia: shemeji, viache mpaka vikomae, maji hayaishi. Hilo limeniuma kuliko kilo nne.

Jumapili, 21 Septemba
Sikwenda misa ya kwanza. Nimekaa nyuma ya bani, nimefikiri kwa utulivu.

Wiki ile ng'ombe alipokula majani, maziwa yaliongezeka lita moja. Kwa hiyo nguvu ilikuwemo humo majanini. Ndicho nilichosema tangu mwanzo. Walikuwa wameshaiba nilipowakamata. Mpunga wa masika nitauwahi, kabla suke halijachungulia. Mama Generosa amesikia, ameenda kuficha kikapu.

Nimemtumia Hosiana ujumbe huu, na naunakili hapa ili baadaye asikane:

"Binti yangu, habari za jiko sitaki tena. Majani niliyatoa mapema mno, au nilichelewa? Ni moja kati ya hayo mawili, hakuna la tatu. Kesho saa nne kamili asubuhi nitakuwa mlangoni pa ofisi yako nasubiri jibu. Nakuja na mkasi."