Mwalimu wa Magoti Uliyemtuma Badala Yako

Kwa Mheshimiwa Milind, mwanangu wa pekee, Pune.

Sikukuu mbili za Diwali zimepita hujakanyaga hapa kwetu Satara. Au barabara imefungwa upande wa kuja tu? Sikusoma, kwa hiyo mimi nasema na jirani Kusum anaandika. Akilainisha neno nitamjua usoni.

Nilikwambia goti linauma. Nilidhani utakuja. Ukanitumia simu yenye kioo kipana na darasa la mtandaoni, yoga ya tiba kwa akina mama wazee. Kwa heshima zote, naomba uliondoe, kwa sababu hizi:

1. Mwalimu Ketaki, binti wa juzi, ananifundisha kuchuchumaa. Mimi! Nimechuchumaa miaka sitini nikipika, nikifua, nikikuogesha wewe. Goti lilianza kukakamaa uliponunua viti na kusema kukaa chini ni ushamba.

2. Kusum na jirani mwingine, Indu, wamejiunga, sebuleni kwangu. Tukaambiwa tulale chali. Sasa nani atamtusi mwalimu kwa kumnyooshea nyayo? Mwalimu ni mwalimu hata akiwa ndani ya simu. Tukamwelekezea vichwa. Wiki tatu ameona mvi tu. Akalia, "Jamani mama zangu, magoti yako wapi?" Indu akamjibu, "Yapo, mwanangu, yanakusalimu kwa mbali."

3. Tukageuka ili simu iwe ubavuni. Nyayo zikaelekea picha ya marehemu baba yako ukutani. Nimemfunika kitambaa. Mume niliyeishi naye miaka arobaini, leo anazibwa macho kwa ajili ya goti!

4. Kila asubuhi Ketaki huniuliza nimelalaje, nimekula nini. Mtoto wa watu analijua goti langu la kushoto, wewe hujui hata kama ni la kushoto.

Kwa hiyo mwondoe, uje ushike nafasi yake: kila siku saa moja asubuhi, utuonyeshe unavyochuchumaa na hicho kitambi.

Msalimie mkeo, wajukuu, na bosi anayekunyima likizo. Mwambie namtaja kwenye sala, ila asifurahi.

Mimi mama yako, ambaye sijahama,
Anusaya

N.B. Usithubutu kumgusa Ketaki. Jana nilikaa sakafuni, nikala, nikainuka bila kushika ukuta. Kusum amelia mpaka karatasi ya kwanza ya barua hii ikalowa. Viti vyako nimevigawa. Ukija, njoo na njaa, vua viatu, kaa chini tule. Ukishindwa kuinuka, nipe mkono.