Machanuo ya Keki Yamekwisha Kufika Kibiti

Ndugu Mwenyekiti wa shughuli hii. Ndugu Makamu Mwenyekiti, uliyekuja kuhakikisha Mwenyekiti anakaa. Masheikh na maimamu wetu. Wazee wa Ngorongo mliobadilisha magari mawili kufika hapa. Wajumbe wa Ngarambe, ambao barua yenu ya mwaliko tumeikuta jana kwenye droo yangu na bado mmekuja, Mungu awalipe. Madereva wa bodaboda wa stendi ya Kibiti, wenye helmeti na wasio nazo. Akina mama waokaji, wenye siku yenu. Wanahabari, iwapo mtatokea. Na wewe ambaye sikukutaja, usinune, nimekutaja rohoni: asalaam aleikum! (Waaleikum salaam.) Sijasikia vizuri. Asalaam aleikum! (Waaleikum salaam, wengine wakicheka.)

Mimi, Abdulaziz Hemedy Mketo, Kaimu Mratibu Msaidizi wa Jukwaa la Uratibu wa Mapambo ya Vyakula vya Sherehe, Kanda ya Delta, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao hata wenzangu ofisini wamewahi kuusifu kwa maandishi, ili kuzindua rasmi Mradi Shirikishi wa Kuwajengea Uwezo Waokaji katika Matumizi Endelevu ya Chanuo la Keki, ambao kwa kifupi tunauita MSHIKUWAMECHAKE. (Vicheko.) Msicheke, ndugu zangu, kifupisho hicho kimekaliwa kikao cha siku tatu Bagamoyo.

Sasa wapo watakaouliza, chanuo la keki ndiyo nini? Ni kibao chembamba chenye meno, ambacho muokaji, baada ya kuipaka keki krimu ya siagi, anakiegemeza ubavuni mwa keki huku keki ikizungushwa taratibu, na yale meno yakaacha mistari, mingine imenyooka kama matuta ya ufuta, mingine ya mawimbi, na kwa lugha ya kitaalamu hiyo inaitwa tekscha, na tekscha, ndugu wananchi, ni nguzo mtambuka ya uchumi jumuishi. (Makofi ya wachache.) Utafiti wetu unaonyesha kwamba asilimia tisini na saba ya keki zote za ukanda huu zilikuwa hazijachanwa, na asilimia sita zilizobaki zilichanwa bila mwongozo. (Sauti: “Hiyo inazidi mia!”) Inazidi kwa sababu tumevuka lengo. (Vicheko, makofi.)

Lakini mimi si mtu wa nadharia. Mimi ni mtu wa fildi. Nataka niwasimulie matokeo niliyoyaona kwa macho haya, na shahidi yuko hapa, amekaa safu ya pili, Bi Mwantumu, anayeokea nyuma ya soko letu. Simama, mama, wakuone. (Bi Mwantumu anainuka nusu, anakaa.)

Mwezi uliopita Bi Mwantumu alipata oda ya keki ya ngazi tatu, ya kwanza kubwa maishani mwake, ya harusi ya Nasra, binti wa Mzee Mohamedi, mnunuzi wa kaa kule Mbwera. Na shangazi yake bibi harusi, Bi Subira, ambaye naye namwona yuko nasi, alikuwa ameshautangazia ukoo mzima kwamba keki ilipaswa itoke Dar, maana ya Dar hufika laini kama kioo, na kwamba hii ya Kibiti ikifika imebonyea ataikata mwenyewe awape kuku. Bi Subira, nasema uongo? (Bi Subira: “Nilisema bata.”) Bata. Rekodi irekebishwe. (Vicheko.)

Basi ile keki ikalazwa ndani ya deli jipya la plastiki la kuwekea barafu, ambalo halijawahi kuona kamba wala samaki, barafu ikapangwa pembeni, ikapakiwa kwenye bajaji mpaka Nyamisati, na pale ikaingia kwenye boti. Mimi nami nilikuwemo humo, nikiwa katika ziara ya ufuatiliaji na tathmini ambayo kwa bahati iliangukia siku moja na harusi. Safari ilikuwa shwari mpaka tunashuka Mbwera. Boti ikagonga gogo la mkoko, deli likalala upande, abiria mmoja mwenye huruma akaingiza mkono kuishika keki isidondoke, na alipoutoa, vidole vyake vinne vilikuwa vimechorwa ubavuni mwa keki, vimezama mpaka ndani. (Sauti ya mwanamke: “Masikini!”)

Bi Mwantumu aliibeba keki yake mpaka jikoni kwa Mzee Mohamedi, akaiweka juu ya beseni lililopinduliwa, akaitazama, mimi nikiwa nimesimama mlangoni. Huko uani ngoma imeshaanza. Bi Subira akaingia, akaona, akashika kiuno, akasema, “Si niliwaambia?” Na Bi Mwantumu akajibu kwa sauti ndogo sana, “Shangazi, nipe dakika kumi. Na kama una moyo, nizungushie beseni.”

Akatoa kopo la krimu ya akiba iliyokuwa kwenye barafu. Akafukia vile vidole vinne. Akapaka tabaka nene kuzunguka keki yote, halafu akatoa kwenye mkoba chanuo alilolikata mwenyewe kwa mkasi kutoka kwenye mfuniko wa ndoo, meno kumi na mawili, akaliegemeza. “Zungusha, shangazi. Taratibu. Usisimame.” Bi Subira akazungusha, kwanza kwa kununa. Mstari wa kwanza ukakatika. Bi Mwantumu akafuta meno kwa kitambaa, akapaka tena, akarudia. Safari ya pili mistari ikatoka kumi na miwili, imefuatana, imezunguka keki nzima ikakutana bila alama. Na hapo, ndugu wananchi, nilimwona Bi Subira akiinama, akisogeza uso karibu, akisema, “Mwanangu, hebu na ile ya juu niizungushe mimi tena.” (Vigelegele.)

Keki ilipoletwa uani, watu walisimama. Nasra mwenyewe alikataa isikatwe mpaka ipigwe picha pande zote nne. Na mpaka leo kila anayefika Mbwera huambiwa na Bi Subira, “Keki ile niliichana mimi.” (Bi Subira: “Na ni kweli!” Vicheko virefu.)

Sasa nauliza: mafanikio hayo yametokana na nini? Yametokana na uratibu! Yametokana na mimi kusimama pale mlangoni nikitoa mwongozo wa kitaalamu katika kila hatua. (Bi Subira: “Ulikuwa unauliza pilau imeiva!”) Nilikuwa nauliza pilau ndani ya mwongozo. (Makofi, vifijo.)

Naahidi, katika awamu ya pili, kila kaya ya delta itapata chanuo la chuma cha pua, kila kitongoji kitapata sahani ya kuzungushia keki inayotumia mwanga wa jua, na hapa Kibiti kitajengwa Kituo cha Umahiri wa Mistari. (Sauti: “Na awamu ya kwanza?”) Swali zuri, lijibiwe kwa maandishi.

Nikisema chanuo, mseme mistari! Chanuo! (Mistari!) Krimu! (Mistari!) Kibiti! (Pilau! Vicheko.)

Mwisho namshukuru sana Bi Mwantumu kwa kutupa turubai hili, viti hivi, keki mtakayokula sasa hivi, na hawa wahitimu ishirini mnaowaona wamevaa sare, ambao amewafundisha mwenyewe nyumbani kwake kila Ijumaa baada ya swala, bila kusumbua ofisi yetu hata kwa simu. Kabla sijaondoka namwomba kitu kimoja tu: aniruhusu nipige picha nimesimama katikati yao, maana andiko la kuomba mradi, ambalo nategemea kuanza kuliandika Jumatatu inshallah, lina ukurasa wa mafanikio, na wenzangu wameniambia huo ndio hujazwa kwanza.

Asanteni kwa kunisikiliza.

(Makofi. Bi Mwantumu anainuka, anajifuta mikono kwenye kanga na kuwapanga wanafunzi wake mistari miwili. “Njoo, Mheshimiwa,” anasema. “Lakini simama pembeni kidogo, unawaziba.”)