Mteremko wa Kutoka London

Jumatatu, 5 Agosti 1968. Kishanda.
Habari kubwa! Ildefons, mwana wa Ta Ishengoma, anarudi kutoka masomoni London. Ndege inaondoka huko Jumatano usiku na kutua Entebbe, kisha atapanda basi. Ta Ishengoma ametangaza kwamba atakayempokea mwanawe kwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, iliyoiva sawasawa, posa yake kwa Klaudia, dada wa Ildefons, itasikilizwa kwanza. Alisema hivyo mbele yangu na mbele ya Mujuni. Mujuni! Mtu asiyejua hata Ulaya iko upande gani.
Rubisi huiva kwa usiku mmoja. Ikizidi hapo inakuwa siki. Lazima nijue ndege inatumia muda gani. Sina raha mpaka nijue.

Jumanne, 6 Agosti.
Nimeingia shuleni kupima ramani kwa ukamba wa mgomba. Ajabu! London iko juu, karibu na dari. Entebbe iko usawa wa kitovu changu. Kumbe ni mteremko mtupu! Mwalimu Penina alinikuta nimesimama juu ya dawati. Akasema ndege inatumia saa nane, ije au iende. Nikamuuliza, waitu mwalimu, kupanda na kushuka vitalinganaje? Hata baiskeli inajua tofauti. Alicheka mpaka chaki ikamdondoka.

Jumatano, 7 Agosti.
Nimetoka Bukoba mjini. Yunus wa ofisi ya tiketi alinisomea ratiba. Inatoka London saa nne usiku, inatua Entebbe saa mbili asubuhi. Ikirudi, inatoka Entebbe saa nne usiku, inatua London saa kumi alfajiri. Nimehesabu kwa vidole. Kushuka saa kumi, kupanda saa sita! Yunus alidai saa za kule ziko nyuma ya zetu, eti jua linaanza kwetu. Linaanzaje kwetu na wao ndio wako juu?
Jibu nimelipata mwenyewe ndani ya basi. Breki! Dereva wa lori akiteremka mlima anabana breki, na rubani vilevile. Lakini Ildefons ana hamu ya nyumbani, atamwomba aachie. Kesho jioni yuko hapa! Nimekamua ndizi, mtumbwi mzima wa kukamulia pombe.

Alhamisi, 8 Agosti.
Rubisi imeiva, tamu ajabu. Mgeni hakuna. Mujuni hata ndizi hajazimenya. Mvivu!

Ijumaa, 9 Agosti.
Basi limefika leo jioni; kumbe kutoka Entebbe linalala njiani! Ildefons kashuka, kanenepa. Nilikuwa wa kwanza kumpa kibuyu! Alipiga funda moja, machozi yakamtoka. Ta Ishengoma alionja akatema, akauliza kama namkaribisha mwanawe au namtibu minyoo. Ndipo Mujuni akaenda kukamua. Eti alitaka kumwona mtu kwanza. Ushamba huo! Nimeumia sana. Sikula.

Jumapili, 11 Agosti.
Jana kila mtu alisifu rubisi ya Mujuni. Leo baada ya misa Ta Ishengoma alimwita waongee posa. Klaudia akaingia, akapiga magoti, akasema kwa heshima zote posa isubiri. Kaka yake amempatia nafasi ya kusomea uuguzi London, miaka mitatu. Mujuni karibu alie.
Mimi nilikuwa nimeshaanza hesabu. Kwenda ni kupanda, sawa. Lakini kurudi ni mteremko! Miaka mitatu ya huko, ikiteremka, haizidi miwili. Kesho napanda migomba ya rubisi ya kumpokea.